Mia kwa Mia na Nane: Mpima Maziwa Anayedaiwa Mtamba Wake

Ndoo ya kwanza inafika saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mwenye ndoo ana maneno. Anasema mvua ilimkuta njiani na mfuniko wake haufungi vizuri. Kandida Elimringi anasogeza ndoo karibu. Anachota maziwa kwa kopo, anayamimina kwenye chombo chembamba kirefu, anatumbukiza kipimo cha kioo na kusubiri kitulie.

Kipimo kinatulia kwenye ishirini na nne. Maziwa ambayo hayajaongezwa kitu husoma ishirini na nane kwenda juu. Kandida anamrudishia mama yule ndoo yake na kumwita anayefuata.

"Mvua gani hiyo inayochagua ndoo moja," anasema pembeni, bila kucheka. "Wengine wote hapa ni wakavu."

Hapa ni kituo cha kukusanyia maziwa kando ya barabara ya Momela, juu kidogo ya Usa River. Asubuhi kunakuwa na baridi ya mlimani, na wenye ndoo husimama karibu karibu wakisimuliana habari. Kandida, mwenye umri wa miaka 53, ameyapima maziwa yao kwa miaka kumi na mmoja. Wengi wanamwita Mama Allen. Ni Mchaga mzaliwa wa Kibosho aliyeolewa huku Meru, sasa ni mjane, na mshahara wake ni shilingi 190,000 kwa mwezi.

Kazi yake haina marafiki. Kila siku lazima amwambie mtu kuwa ameongeza maji, na kila siku mtu huyo anaapa kuwa hakuongeza. Mwaka wake wa pili kazini, mnunuzi wa mjini alikataa tangi zima kwa sababu ya ndoo mbili tu zilizopenya. Kandida akajiwekea sheria yeye mwenyewe, na wenzake wakaipitisha kwa makofi: mpimaji akipokea maziwa yenye maji, hasara ni yake.

Ameilipa hasara hiyo mara mbili, na hakulalamika. Sasa sheria ile ile inataka kumnyang'anya mtamba wake, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, na safari hii hakuna tone la maji lililoingia popote.

Kisa chenyewe kinahusu Kikundi cha Ndoo Moja, chenye wanachama 27, karibu wote akina mama wanaoleta maziwa kituoni hapo. Kwa miaka minne walikuwa wakiweka akiba ya shilingi elfu nne kila mmoja kwa wiki. Kandida ndiye mweka hazina, kwa hoja kwamba mtu anayekataa ndoo ya shemeji yake hawezi kula fedha za watu.

Mwaka jana walihudhuria semina kwenye ofisi ya kata, wakasikia kuhusu hatifungani za serikali. Maelezo yalikuwa mepesi: unaikopesha serikali fedha, inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, na muda ukifika inakurudishia deni lake. Mwanachama mmoja aliuliza kama hatifungani inaweza kumfunga mtu jela. Alipohakikishiwa kuwa haimfungi mtu, wakapiga kura. Wote 27 waliinua mikono.

Mwezi Mei, Kandida alivaa viatu vya kanisani na kwenda mjini Arusha, eneo la Themi, kwenye ofisi ya dalali wa hatifungani aitwaye Hafidha Saadi. Alikuwa na idhini ya kikundi ya kutumia shilingi milioni 21.6, yaani laki nane kwa kila mwanachama.

Hafidha anaikumbuka siku hiyo. Anasema mama huyo alimuuliza maswali kwa saa mbili, na chai aliyoletewa ilipoa bila kuguswa.

Alimweleza kwamba hatifungani mpya za wakati ule zilikuwa zinalipa riba ya asilimia 12.5 kwa mwaka. Lakini kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuza ya zamani, iliyobakiza miaka sita, inayolipa asilimia 15. Mtu huyo hakuwa mjinga. Kwa kila shilingi mia iliyoandikwa kwenye hatifungani yake, alitaka alipwe mia na nane.

"Nilimwambia, mama, mwenye kitu kinacholipa vizuri hawezi kukuachia kwa bei ya kisicholipa vizuri," anasema Hafidha. "Akaniambia, hilo nalijua, mimi napima maziwa."

Kandida akanunua. Hatifungani iliyoandikwa milioni 20 akailipia milioni 21.6. Hesabu aliipiga papo hapo, nyuma ya bahasha. Fedha zile zile zikiwekwa kwenye hatifungani mpya zingeleta milioni 2.7 kwa mwaka. Hii ya zamani italeta milioni tatu. Ziada ni laki tatu kila mwaka, na kwa miaka sita ni milioni 1.8. Mwishoni serikali itarudisha milioni 20 tu, kwa hiyo ile milioni 1.6 ya juu itakuwa imekwenda. Toa milioni 1.6 kwenye milioni 1.8, kikundi kinabaki na laki mbili mkononi, tena ziada hiyo kinaanza kuila mapema.

Mwandishi wa makala haya ameirudia hesabu hiyo mara tatu, mara ya mwisho akiwa na mwalimu wa hisabati. Haina kosa. Ingekuwa na kosa, pengine mambo yangekuwa rahisi zaidi.

Tatizo lilianza Jumapili moja ya Juni, kikundi kilipokutana barazani kituoni baada ya ibada. Taarifa kutoka kwa dalali ilisomwa kwa sauti na mwenyekiti, Naisiae Lesian. Ilikuwa na mistari mitatu tu: Thamani ya usoni, shilingi 20,000,000. Bei, 108. Kiasi kilicholipwa, shilingi 21,600,000.

Naisiae alisoma mstari wa kwanza, akarudi akausoma tena. Kisha akauliza: usoni kwa nani?

Ili kulielewa swali hilo inabidi kumfahamu Naisiae. Kwa miaka tisa aliuza shanga kwa watalii njiani kuelekea geti la hifadhi, kabla magoti hayajamlazimisha kubaki nyumbani na kuku na ng'ombe wake wawili. Biashara ile haina bei iliyoandikwa. Bei inatoka kwenye sura ya mnunuzi.

"Mgeni akishuka kwenye gari, mimi simwangalii mfukoni, namwangalia usoni," anasimulia. "Kama leo ndiyo siku yake ya kwanza, mkufu ni elfu hamsini. Kama ameshazoea, ni elfu kumi na tano. Hiyo ndiyo thamani ya usoni, na kila mtu Arusha anaijua."

Kwa hiyo Naisiae aliisoma taarifa kama mtu wa Arusha anavyoweza kuisoma. Mwenzao aliingia kwenye ofisi ya mjini na viatu vyake vya kanisani, dalali akamwangalia usoni, akaona mama wa kijijini, akapandisha bei. Kitu cha milioni 20 akauziwa milioni 21.6. Tena wameandika wenyewe bila aibu.

Kandida alijaribu kueleza kuwa thamani ya usoni ni kile kiasi kilichoandikwa kwenye hatifungani yenyewe, na kwamba sura yake haikuhusika kwa namna yoyote. Alikuwa amechelewa. Baraza zima lilikuwa limekwisha kuelewa, na lilikuwa limeelewa vibaya.

Utani nao haukukosekana. Walisema Mchaga gani huyu anayenunua shilingi mia kwa shilingi mia na nane, labda Kibosho walimfukuza kwa ajili hiyo. Kandida alicheka pamoja nao. Anasema hakujua kuwa utani ule ulikuwa njiani kuelekea kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Jumapili iliyofuata Naisiae alisimama na kusema jambo ambalo Kandida hajalisahau.

"Yeyo, sheria ni ya kwako mwenyewe," alimwambia, akimwita mama kwa Kimaasai. "Umepokea maziwa yana maji, unalipa."

Likapigiwa kura, na likapita. Kandida arudishe milioni 1.6 kabla ya mwisho wa Septemba. Akishindwa, kikundi kitamchukua mtamba wake.

Mtamba huyo yuko nyuma ya nyumba yake, kwenye banda la mabanzi lenye sakafu ya saruji. Ni chotara, mweusi mwenye baka jeupe begani, na ana mimba ya miezi saba. Kandida alimpata akiwa ndama wa wiki mbili, akamnywesha maziwa kwa chupa, na kwa muda wote huo hajawahi kuwa na ng'ombe mwingine. Kwa miaka kumi na mmoja amepima maziwa ya watu wengine. Desemba alitarajia kupima ya kwake.

"Usiku nalala nasikia anavyotafuna, halafu nakumbuka kuwa ameandikwa kwenye kitabu," anasema. "Hiyo inaniuma kuliko kuitwa mjinga. Ujinga mtu anaweza kusamehewa."

Alidhani ni suala la kueleza vizuri zaidi. Mwezi Julai alichukua maharage, akayapanga mezani mafungu mafungu, kila fungu mwaka mmoja. Walifuatilia kwa makini, wakatikisa vichwa kukubali, na mmoja akasema sasa ameona. Kesho yake kituoni mama yule yule akamuuliza ile nane atairudisha lini.

"Jumapili wanaelewa," anasema Kandida, na hapa sauti inampanda. "Jumatatu wanakuja na ndoo, kichwani hamna kitu. Sijui njiani kuna nini. Nimeeleza mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujishuku."

Mwezi Agosti riba ya kwanza ililipwa, shilingi milioni moja na nusu kamili. Kila mwanachama alipata zaidi kidogo ya elfu hamsini na tano. Walishukuru, walinunua pumba na sare za shule, na wawili walimletea Kandida ndizi. Jumapili iliyofuata ajenda ya kwanza ilikuwa ile nane.

Mtu angeweza kuwacheka akina mama hawa, na mwandishi wa makala haya alikaribia kufanya hivyo, mpaka alipokaa jikoni kwa Naisiae. Elfu nne ya kila wiki kwake ni mayai kumi. Anawafahamu kuku waliotaga mayai hayo. Anasema hana ugomvi na Mama Allen, na kwamba angekuwa na ugomvi naye asingempelekea mboga alipofiwa na mume. Lakini yeye mwenyewe amekuwa mjanja kwa watu wengi barabarani pale, na anajua mtu aliyepigwa, yaani aliyelaghaiwa, anavyoongea.

"Mtu aliyepigwa huwa anaeleza sana," anasema Naisiae. "Yule ambaye hakupigwa anasema sentensi moja."

Mwandishi alipomfikishia Kandida maneno hayo, alisema kuwa basi ataitafuta sentensi moja.

Aliitafuta kwa mchinjaji. Melkizedeki ana bucha Usa River, na kila anayefuga ukanda huu anamwuzia ng'ombe aliyezeeka. Jumapili ya pili ya Septemba, Kandida alimwita barazani na kumuuliza mbele ya wote. Kuna ng'ombe wawili, mmoja anatoa lita kumi na tano kwa siku, mwingine kumi na mbili na nusu. Leo sokoni nani ana bei kubwa?

Wote walijibu kabla ya Melkizedeki: wa lita kumi na tano, bila shaka.

Kandida akaendelea. Miaka sita imepita, wote wamekauka, wana umbo moja, wanaletwa kwako. Yupi utamlipia zaidi?

"Mimi sinunui historia," alisema Melkizedeki. "Mimi napima kilo."

Kandida anasema aliona kabisa jambo likiingia, uso mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe wa maziwa mengi unamlipia zaidi leo, unayanywa maziwa hayo miaka sita, na siku ya mwisho anauzwa bei sawa na mwenzake. Ile nane ni bei ya maziwa. Hakuna mfugaji wa Meru asiyeijua hesabu hiyo, hata kama hajawahi kushika kalamu.

Kisha Naisiae akanyoosha mkono. Alisema mfano ni mzuri, tena ameuelewa. Ila ng'ombe anazaa. Je, hatifungani inazaa?

Baraza likaripuka kwa kicheko na makofi. Mtu akasema hapo ndipo penyewe. Melkizedeki aliaga akawahi bucha yake. Kandida anasema alitamani kuchukua kipimo chake cha kioo akivunje mbele yao.

Alimpigia simu Hafidha jioni hiyo, naye alikuwa na habari: bei ya hatifungani ile sokoni ilikuwa imefika 111. Kandida alimwomba kwa heshima zote asiiandike popote. Alijua wangemuuliza hizo tatu nyingine kazificha wapi.

Septemba ilikuwa inaisha. Mnunuzi wa kwanza alikuja kumtazama mtamba, akamshika mgongo, akamfungua mdomo, akataja milioni moja na laki saba. Kandida alisimama mlangoni mwa banda akimtazama, na hapo, anasema, hasira ikamfanyia kazi ambayo maelezo yalishindwa kuifanya. Kama wanataka kulipwa nane yao, walipwe. Lakini anayelipia maziwa ndiye anayeyanywa.

Jumapili ya mwisho ya mwezi alifika barazani na karatasi moja, imepigwa chapa mjini kwa shilingi mia tano. Hakueleza chochote kuhusu usoni, maharage wala ng'ombe. Aliwasomea.

Kila mwanachama anayetaka nane yake, ilisema karatasi, atalipwa na Kandida Elimringi shilingi 59,260 taslimu. Miaka sita ikiisha, atachukua na fungu lake la milioni 20, na laki nane yake itakuwa imetimia, haijapungua hata senti. Kila mwaka atapata riba ya laki moja kamili, kama ambavyo angepata kwenye hatifungani mpya. Na ile ziada juu ya laki moja, shilingi elfu kumi na moja na ushee kila mwaka, itakuwa ya Kandida.

Mistari 26 ya kusaini ilikuwa chini.

"Nikamwambia mwenyekiti, mama, sheria ni yangu na ninaitii," anasimulia. "Nimepokea, nalipa. Anzeni kusaini."

Naisiae aliichukua karatasi. Aliisoma mstari wa kwanza, akarudi akausoma tena, kama alivyofanya Juni. Safari hii aliomba kalamu, lakini hakusaini. Aligeuza karatasi na kuanza kuandika tarakimu nyuma yake, midomo ikicheza. Elfu kumi na moja na mia moja, mara sita. Akaandika jibu: elfu sitini na sita na mia sita. Akalilinganisha na elfu hamsini na tisa.

Wenzake wakamzunguka. Mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini Mama Allen achukue elfu kumi na moja yake ya kila mwaka. Mwingine akasema elfu kumi na moja ni mfuko wa pumba. Wa tatu, yule mama wa ile ndoo ya mvua, akasema jambo hili si la kuharakisha.

Hesabu iliyowashinda kwa miezi minne ilipigwa na wote waliokuwepo kwa muda wa kuchemsha chai. Kilichohitajika ni mtu mwingine kutaka kuichukua.

Hakuna aliyemwomba Kandida radhi. Naisiae aliikunja karatasi, akamrudishia, akasema kikundi kinaomba muda wa kutafakari. Azimio la kumchukua mtamba halijafutwa kwenye kitabu, kwa kuwa kufuta azimio kunahitaji kikao kamili na siku hiyo wanachama wanne walikuwa harusini. Muda wa mwisho umesogezwa hadi kikao kijacho, Jumapili hii.

Kandida anasema atakwenda kwenye kikao hicho na karatasi ile ile. Fedha amekwisha kuziandalia njia. Yule mnunuzi amempandishia hadi milioni moja na laki nane, na amekubali kusubiri hadi Jumatatu. Akimuuza mtamba atawalipa wote 26 siku hiyo hiyo, na chenji itabaki. Banda litakuwa tupu, lakini kwa miaka sita riba yao ya ziada itakuwa inaingia kwake, na kwenye kitabu hatakuwa mtu aliyepigwa.

Anapoulizwa kama kweli anaweza kumtoa ng'ombe aliyemlea kwa chupa, anajibu kuwa amekwisha kumlilia, sasa amemaliza. Kuna jambo moja tu linalomkera.

"Karatasi iko hapa kituoni tangu siku ile, na kalamu nimeifunga kwa uzi," anasema, akiinua kipimo chake na kukifuta kwa kitambaa. "Kila asubuhi wanakuja 26, wanamimina maziwa, wananiuliza ng'ombe hajambo. Namwomba Mungu wasaini wote. Hajasaini hata mmoja."